Kidudu Kilichopewa Jina la Babu Limbu

Vio, acha unachofanya. Kwandu wetu kanipigia sasa hivi akilia, yuko hukohuko makumbusho anakofanyia utafiti.

Unakumbuka kile kidudu cha baharini, jamaa ya kamba, kidogo kuliko punje ya mtama? Alichokikuta kwenye chupa kuukuu, akasema ni aina mpya, akakipa jina la babu yake Limbu, aliyemsomesha kwa kuuza pamba enzi za ruksa, miaka ya themanini na kitu? Kijijini kwao Sapiwi wakachinja dume! Na sisi tukala!

Basi leo kafungua chupa nyingine ya zamani, ya aina ambayo wataalamu waliotangulia waliieleza hovyohovyo. Kaweka chake na cha humo chini ya hadubini. Vio, ni kilekile. KILEKILE! Ile miguu mifupi aliyodhani ni alama ya aina mpya, kumbe chake hakijakomaa tu. Ni kitoto!

Binti wa wafugaji kashindwa kutambua ndama. Hayo kayasema mwenyewe, mimi simo.

Profesa wake kamwambia kwa upole, “Hilo jina itabidi lifutwe.” Lifutwe! Jina la babu!

Akaona bora baba yake asisikie kwa watu, akampigia. Mzee Masele akasema, “Ng'wanone, mwanangu, sisi tulikwenda kaburini tukamwambia babu yako jina lake limefika baharini. Sasa nani atakwenda kumwambia limerudi?”

Kwandu akajibu, “Mimi, baba.”

Anapanda basi kesho. Nimeogopa kumuuliza ataanzaje.