Nyimbo Zangu Zina Nafasi za Ndege

Usevya, baada ya mavuno, 1996

Mjomba,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Wewe ndiye uliyesema mwandiko wa Skola ni kama kuku aliyepita kwenye unga, na bado haujatengemaa. Nimekaa nyuma ya nyumba, mpunga umeanikwa kwenye turubai, na mbuzi wa jirani ananitazama akisubiri nisinzie. Nina habari za kukupa, nyingi ni njema, kwa hiyo soma bila haraka. Huko uliko sidhani kama kuna anayekuita shambani.

Kwanza nyumbani. Mama Kizito, mkeo, ni mzima. Tulipokuzika alikonda mpaka tukaogopa, ila sasa anakula, na kugombana na watu kama zamani. Mpunga umekubali. Ndege walikuja wengi lakini tuliwaamia vizuri, hawakupata cha kujivunia.

Sasa gitaa.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Jembe, baiskeli, lile koti lako la misa, vyote vilikwenda bila maneno. Lilipofika gitaa ugawaji ukakwama. Mwanao Kizito alikuwa amekuja kutoka Sumbawanga, na hakuna asiyejua kwamba anapiga kama wewe, vidole vyote vinakimbia. Mimi ni mtoto wa dada yako tu, tena mwanamke, tena nina vidole viwili vinavyojua kazi, gumba na shahada. Lakini ulikuwa umetamka mwenyewe, ukiwa kitandani, "Gitaa apewe Skola." Mdogo wako, Mjomba Deus, akapima huku na huku, akasema: "Skola akae nalo mpaka misa ya mavuno. Apige mbele ya watu. Tukimsikia marehemu humo, libaki. Tusipomsikia, liende kwa Kizito." Nyie mnaokufa mnaacha maneno mepesi, halafu sisi tunabaki kuyabeba.

Nililitaka lile gitaa, Mjomba. Nakwambia sasa kwa sababu ulipokuwepo niliona haya kusema. Watoto nawapenda, na mume wangu sina neno naye, lakini nikilishika lile gitaa mimi siyo mama wa fulani wala mke wa fulani. Ni Skola. Nilikuwa naogopa kulikosa kama mtu anavyoogopa njaa.

Basi nikaanza kukuiga. Kila nikitoka shamba nilikuwa nakaa mlangoni napiga nyimbo zako, nikiinamisha kichwa kama wewe, nikiguna kama wewe. Mume wangu akaniuliza kama natafuta na ndevu. Kabla ya Kwaresima kwaya ikaniita nipige wimbo wa vipaji. Nikaanza vizuri. Mstari wa kwanza, mstari wa pili, halafu nikasimama. Hivi hivi tu, kiganja juu ya nyuzi, mkono umeinuka. Kwaya ikaendelea, ikaniacha, nikaikimbilia. Mistari miwili mingine, nikasimama tena. Nyuma kule watu walianza kucheka wakiziba midomo. Tulipotoka nje Mjomba Deus akanishika bega: "Mpwa wangu, ulikuwa unafukuza ndege kanisani?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na mpaka leo nikikumbuka najicheka. Ulinifundishia wapi, Mjomba? Juu ya dungu, katikati ya mpunga, misimu mitatu ya kuamia ndege. Ulikuwa unapiga mistari miwili, unaweka kiganja kwenye nyuzi, unaokota bonge la udongo, unalirusha, unapiga kelele "Haya, tokeni kwetu!", ndipo unaendelea. Mimi mjinga nikadhani wimbo ndivyo ulivyo. Nikaujifunza pamoja na bonge lake la udongo. Kanisani nilikuwa nakusikia ukipiga bila kusimama, nikajua tu unamwahi padri.

Niliona aibu mno. Kwaresima nzima gitaa lilikaa limefungwa kwenye kanga. Baadaye nikalifungua, nikajaribu kuziba zile nafasi, na ilikuwa kama kuziba matundu ya panya: ukiziba hapa, anatokea kule. Siku moja moja nilifanikiwa, wimbo ukaenda moja kwa moja kama wako. Siku hizo, Mama Kizito akiwa anapita na ndoo yake kutoka kisimani, alikuwa anasimama, anageuza, anapita njia ya kwa Mbuya ambayo ni ndefu. Nikafikiri amefurahi mpaka amepotea njia.

Mpunga ulipoanza kukomaa nikapanda dungu mwenyewe, na gitaa. Sikwenda kufanya mazoezi, nilikwenda kwa ajili ya ndege. Gitaa nilichukua la kunipunguzia upweke. Kule juu hakuna wa kunicheka. Nikapiga nilivyozoea, mistari miwili, kiganja, bonge, mistari miwili. Shamba la pili walikuwepo wanawake watatu wanaamia na wao. Sikuwaangalia. Lakini safari ya tatu nilipoweka kiganja, nikasikia pwa! pwa! Wamepiga makofi mawili kuwatisha ndege, pale pale nilipoacha. Nikaendelea. Nikanyamaza. Pwa, pwa. Hawakunisubiri niwaambie, na ndege wakaruka kama wingu kuelekea kwa wenye mashamba wavivu. Mjomba, wimbo ule haukuwa umekatika. Ulikuwa umeacha mlango wazi watu waingie. Nilicheka peke yangu kule juu mpaka dungu likatikisika.

Hata hivyo misa ya mavuno ilipokaribia sikulala vizuri. Kizito alishuka kwenye lori la mahindi siku moja kabla, amevaa viatu vya mjini, akanisalimia kwa upole ambao ulinitisha zaidi. Najua kuziba nafasi sasa, nilijiambia. Nikikaza naweza kukutoa wewe mzima kwa wimbo mmoja, gitaa likawa langu. Nilikaa na wazo hilo mpaka nilipokuwa nimeshika gitaa mbele ya altare. Ndipo nikaona kwamba nikilipata kwa njia hiyo nitakuwa na kazi ya kuwa wewe mpaka nife. Nikapiga wa kwangu, ule wa dunguni.

Mistari miwili, kiganja. Wale wanawake watatu wakapiga makofi yao. Zamu iliyofuata kwaya nzima. Waliokuwa wanaleta vikapu vya mpunga wakaanza kukanyaga kwa yale makofi, na bibi mmoja akatupia kigelegele humo humo. Mstari wa tano nilikosea, na uzi mmoja, niliouweka wa waya wa breki ya baiskeli baada ya wako kukatika, ukazomea, watu wakaendelea kuimba.

Baada ya misa ukoo ukakaa. Mjomba Deus ni mtu wa kweli, unamjua. Akasema, "Imependeza. Lakini marehemu mimi sikumsikia." Hakuna aliyembishia. Nikachukua kanga, nikaanza kulifunga gitaa nimpe Kizito.

Mama Kizito ndiye aliyesema, bado amekaa chini, hakuinua hata kichwa. "Huyu mtoto alipokuwa anamwiga, mimi nilikuwa nageuza njia na ndoo kichwani, nakwenda kulia. Alikuwa ananiletea nusu ya mtu. Mume wangu nilimzika mzima, mniachie hivyo hivyo. Leo nimemsikia Skola, nimekaa mpaka mwisho."

Kizito akasukuma lile furushi la kanga likarudi mapajani kwangu. "Dada, baba alisema apewe Skola," akasema. "Skola ndiye huyu tuliyemsikia." Mjomba Deus akatikisa kichwa kukubali, akauliza kama pombe imeisha.

Hivyo gitaa ni langu, Mjomba. Kwaya wameniandika rasmi. Vijana wanaotoka Mpanda mjini wanasema napiga kizamani, na wengine wanasema napiga vibaya, na wote wana haki yao. Mimi nimetulia. Vidole viwili vinanitosha, na siku hizi nikikosea siangalii pembeni kuona nani amesikia.

Ila kuna moja sijamwambia mtu. Siku ile ya misa, nilipofika nyumbani, nikawasha moto, nikateleka ugali, na mwiko ukiwa mkononi nikaanza kukulilia. Nililia mpaka ugali ukaungua. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu ufe. Miezi yote ile nilikuwa nimekuweka kwenye vidole vyangu, sikuwa na nafasi ya kuona kwamba umeondoka.

Sasa naiona nafasi uliyoiacha, na naweza kukuaga. Pumzika, Mjomba wangu, mtani wangu, mwalimu wangu. Nakuahidi nitamtazama Mama Kizito kama mama yangu, na binti yangu akiomba gitaa nitampa, na nitamwacha akosee makosa yake mwenyewe. Kukuiga nimeacha. Kukulilia ndiyo kwanza nimeanza, na nashukuru.

Mpwa wako,
Skola