Kipande cha Taa ya Lori

Joyness,

Ndizi tulizovundika kwenye shimo msizifunue mpaka kesho. Maharage yaanikwe jua likitoka. Mbuzi nimeshamfunga kule chini.

Asubuhi umeniambia mbele ya kaka yako Renatus, "Baba, kwako wewe kila kitu kwenye tamthilia ni uongo! Umetuharibia." Haya, nimewaharibia. Lakini yule inspekta wa kwenye tamthilia aliokota kipande kimoja cha taa barabarani, na kabla ya matangazo dereva ana pingu. Sasa huo si uongo?

Marehemu mama yenu alipogongwa na lori pale sokoni Nyakahura, mimi niliokota kipande cha taa kwa mkono wangu huu. Mwaka wa nne sasa nakipeleka kituo cha polisi, nimekifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa. Wakubwa wa pale wanasema, "Mzee, kaa nacho, mpelelezi atakuita." Wapelelezi wamebadilishwa watatu, hakuna hata mmoja aliyekishika. Na nisipokwenda mwezi mmoja tu, watasema mlalamikaji ameacha mwenyewe, wafunge jalada. Ndiyo maana leo nimekwenda tena. Siwezi kuacha, na nikienda sipati kitu.

Chakula changu mkifunike, nitachelewa.

~~Hiyo tamthilia isiwashwe tena humu ndani.~~

Iangalieni tu. Ila yule dereva akifikishwa mahakamani, Joyness, shika vizuri maneno ya hakimu uje unisimulie yote. Nataka kuyasikia, hata kama ni ya uongo.

Baba yenu