Postikadi za Wanawake wa Kura

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mjukuu wako Minza ameitafuna picha yangu sasa hivi. Ameanza na kilemba akashuka mpaka puani, na nilipomnyang'anya kaniangalia kama mimi ndiye mwizi. Ni moja ya kadi nilizochapisha steshenari kule Bariadi mjini: uso wangu, jina langu, na chini, "Mwenyekiti wa Kitongoji". Nagombea, mayu. Ungekuwa hai ungepiga vigelegele mpaka mbuzi wakate kamba.

Niliiga zile postikadi zako tatu. Sista aliyekufundisha cherehani ndiye aliyekuachia: wanawake wa Ulaya wa zamani, kofia kama ungo, macho hayataki mchezo. Walidai haki ya kupiga kura wakafungwa jela. Wewe ukawabandika ukutani karibu na Bikira Maria, basi majirani wakadhani wote ni watakatifu. Shangazi Kabula akapiga ishara ya msalaba mbele ya yule mnene, akamwomba mvua ya pamba.

"Wifi, huyo alivunja vioo vya serikali," ulimwambia.

"Kumbe! Na mvua?"

"Mvua mwombe Mungu. Huyu mwombe ukorofi."

Huo ukorofi ndio nauhitaji leo. Jana baba mkwe alipita kuanzia dukani hadi kwenye mashine ya kusaga akibandua kadi zangu. "Mkamwana, picha ya mke wa mtu haizagai sokoni. Kesho mkutanoni ujitoe mwenyewe, usinitie aibu." Mume wangu alikuwepo. Aliangalia ndala zake.

Sasa niko nje ya ghala la pamba, mkutano umeanza. Wanasoma majina, kila mtu anasimama aseme kama yupo au anajitoa. Baba mkwe kakaa mbele kabisa. Mimi niliishia la saba, maneno makubwa sina. Lakini pampu ya kisima ilikufa nikiwa na mimba ya huyu mtoto, na mpaka leo mwenyekiti anakunywa maji tuliyoyachota sisi wanawake kwa kutembea mbali. Aibu iko wapi hapo? Kadi anaweza kubandua. Mdomo wangu hajaubandua.

Minza atakua akijua mwanamke jasiri hatoki Ulaya tu.

"Mama Minza!" Katibu huyo. "Simama, upo au unajitoa?"

Lala salama, mayu. Mimi mwanao namfunga mtoto mgongoni, naenda kuwaambia wote, na baba mkwe asikie, kwamba mimi nipo.