Printa ya Mama Mdogo

Bev, yawa, nimechoka hata kulia sina nguvu.

Tangu asubuhi mume wangu Cephas anapigana na printa, achapishe programu ya mazishi ya babake. Simu inasema printa haionekani. Anazima ruta, anawasha. Anazima, anawasha.

Mwishowe simu ikasema imepata printa. Akabonyeza mara sita. Yetu kimya!

Kumbe simu ilikuwa imeshika Wi-Fi ya nyumba ya pili hapa bomani. Kwa mama mdogo, Mwalimu Nyanchoka, yule bibi wa pili wa mzee. Printa yake ndiyo ilikuwa inatoa karatasi.

Zote sita, Bev. Na Cephas alikuwa ameandika, "Marehemu ameacha mjane mmoja."

MMOJA. Na nilimwambia!

Mama mdogo amekuja nazo saa hii. Hajapiga kelele, heri angepiga. Ameketi, akatoa kalamu nyekundu, akakata "mjane mmoja", akaandika "wajane wawili". Karatasi zote sita, polepole, kama anasahihisha mtihani.

Kisha akamgeukia Cephas.

Akamrudishia. "Chapisha tena, mwanangu. Hata simu yako inanitambua."