Jitu la Udongo na Spika Niliyoizima

Jumatatu, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kikombe changu cha chai. Nimekunywa hivyo hivyo. Leo sioni kama nastahili chai safi.

Naandika hapa kwa sababu wanaosoma blogu hii ni wachache na wengi hawanijui kwa sura. Hiyo nayo ni aibu nyingine: kuungama mahali ambapo hakuna anayeweza kunitazama machoni.

Jumamosi ofisini kwetu kulikuwa na siku ya familia. Mimi ni karani wa masjala, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na barua ya kunithibitisha kazini itasainiwa na mkuu wa idara, au haitasainiwa. Nalala na wazo hilo na kuamka nalo. Nilipopewa jukumu la kutafuta burudani ya watoto, nilitaka kitu kisichoweza kumuudhi mtu yeyote. Nikachagua filamu ya zamani.

Ni filamu niliyoiona utotoni mpaka mkanda wake ukachakaa. Mabaharia wanatafuta taa ya mfalme iliyoibwa, wanafika kwenye kisiwa chenye ndege wa vichwa viwili na kaa mkubwa kama nyumba. Mwishoni linatokea jitu la udongo lenye jicho moja, linapanda kutoka baharini likiwa limebeba merikebu nzima begani. Halitembei kama watu. Linashtuka, linatulia, linashtuka tena. Nilipofika chuo ndipo nilipojua sababu. Ni mwanasesere. Mtu alimsogeza kidogo kwa vidole, akampiga picha, akamsogeza tena, akapiga tena, akazipanga picha hizo zikawa mwendo. Ukitazama vizuri utaona alama za vidole zikihamahama kwenye udongo wa bega lake.

Utotoni sikuhitaji sababu ya chuo. Sababu alikuwa nayo baba mdogo.

"Linatetemeka!" alikuwa akisema kwenye kipaza sauti. "Limetoka majini, na Dodoma leo kuna baridi!"

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, alikuwa na banda la video Chang'ombe. Filamu zilikuwa za Kiingereza, naye alisimama kando ya televisheni akizitafsiri. Nasema kutafsiri kwa kuwa ndivyo tulivyoita. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Alikuwa anatunga. Mchawi wa kisiwani aliongea kama mjumbe wa nyumba kumi aliyenyimwa kiti. Watazamaji nao aliwaingiza ndani ya filamu: ukichelewa kufika, baharia wa kwanza kumezwa alipewa jina lako. Watu walikuja ili watajwe. Asiyetajwa alirudi nyumbani mnyonge.

Simu zilipoenea, banda likafa. Siku hizi anazunguka na gari la matangazo, anatangaza misiba na dawa za kuku. Nilipompigia kumwomba aje aitafsiri ile filamu mbele ya watu, aliuliza kama kipaza sauti kitakuwepo au aje na chake; nikamwambia tumekodi pamoja na spika.

Nilimpa sharti moja. Asiseme kwamba sisi ni ndugu. Nilimweleza kuwa ofisini watadhani nimempendelea mtu wangu. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yote. Nilimwonea haya. Kaunda suti yake, kicheko chake cha kusikika mtaa wa pili, namna anavyomsalimia kila mtu kana kwamba wamechunga ng'ombe pamoja. Alikubali bila kubisha. Aliuliza jambo moja tu.

"Bosi wako kabila gani?"

"Mnyamwezi wa Tabora."

Alicheka mpaka simu ikakwaruza.

Nilipaswa kuelewa pale pale. Mimi ni Mgogo. Nimekua nikijua kwamba Mnyamwezi ni mtani wetu, kwamba babu zao walipita kwetu na mizigo ya misafara, babu zetu wakawatoza ushuru wa maji, na tangu hapo tunatukanana kwa raha hata msibani. Lakini nilidhani ofisi ni nchi nyingine, na kwamba kila mtu anaujua mpaka wake.

Ukumbi ulijaa. Mapazia yalifungwa. Baba mdogo alifungua kwa "Mbukwenyi!" na watoto wakaitikia kwa kelele, hata wale wasiojua kuwa ni salamu ya Kigogo. Muda si mrefu walikuwa wameketi sakafuni mbele ya skrini, wakimwonya nahodha kuhusu kaa. Watu wazima wakaanza kusogeza viti karibu. Dada Pili, katibu muhtasi wetu, ambaye sijawahi kuyaona meno yake, alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Nilianza kupumua. Nilijivuna hata, kwa siri, kama mtu anayesikia wimbo wa kwao ukipigwa ugenini.

Ndipo jitu likatoka baharini na merikebu begani.

"Heee! Mnaliona hilo?" akasema baba mdogo. "Hilo Linyamwezi! Hakuna aliyelituma, limeona mzigo limebeba! Na jicho la pili mnajua liko wapi? Liko hapa hapa kwetu Ugogo! Lilikunywa maji yetu likataka kupita bila kulipa, babu zetu wakalishika jicho rehani!" Akageuka, akamwinamia mkuu wa idara aliyekaa mstari wa mbele. "Mkuu, karibu sana. Huyu si babu yako huyu? Umekuja kulikomboa jicho?"

Watoto walicheka. Watu wazima waligeuka wote kumtazama mkuu, waone kama inaruhusiwa. Alikuwa ameshika soda hewani, mdomo wazi kidogo, uso umeganda.

Niliiona barua yangu ikichanika.

Sikumbuki kuamua. Nilikwenda kwa hatua fupi za kushtuka kama lile jitu, kama vile kuna vidole vya mtu vinavyonisogeza, nikachomoa waya wa spika. Mdomo wa baba mdogo uliendelea kidogo bila sauti. Nami nikasema mbele ya wote:

"Samahani sana, mkuu. Huyu mzee simfahamu. Ameletwa na wenye spika."

Baba mdogo alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni kwenye suti yake.

Nilitarajia ashangae. Alinitazama mara moja, akaanza kuviringisha waya wa kipaza sauti kati ya kiganja na kiwiko, taratibu, kama anavyofanya siku zote akimaliza kazi. Kisha akawaambia watu, "Mtuwie radhi, jamani. Wenye spika tumekosea." Akatoka. Soda tuliyompa niliikuta baadaye mezani, haijafunguliwa.

Aliuchukua uongo wangu akaondoka nao.

Filamu iliendelea kwa Kiingereza chake. Watoto walitoka mmoja mmoja kwenda kucheza uani. Jitu lilianguka baharini bila mtu wa kulipigia kelele.

Jana mama alinipigia. "Baba yako mdogo anasema sherehe ilifana," alisema. "Anasema ofisini wanakuheshimu sana. Mbona wewe husemi?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Leo asubuhi mkuu akaniita. Nilipanda ngazi nikiwa nimekariri maneno ya kuomba radhi.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Nani alimzima yule Mgogo juzi?"

"Mimi, mkuu. Alikuwa anakutukana."

"Ananitukana?" Akaegemea kiti chake. "Mtani wangu ananivaa mbele ya watu wangu, nami nimeshaweka jibu mdomoni, wewe unachomoa waya! Nimelala nalo tangu Jumamosi. Mke wangu amechoka kulisikia. Jicho rehani, jicho rehani! Maji yao yenyewe yalikuwa ya chumvi! Babu yangu alipofuka kwa kuyanawia!" Akacheka, akapiga meza. Halafu akanitazama. "Na wewe kabila gani?"

"Mgogo, mkuu."

"Mgogo!" Alinikazia macho kama anatazama mbuzi anayeogopa majani. Kisha sauti yake ikalainika. "Yule mzee ni nani? Nitampata wapi?"

Hapa ndipo penye aibu yangu hasa. Ya Jumamosi naweza kuisingizia hofu. Leo hapakuwa na cha kuogopa. Mtu anacheka, mlango uko wazi, na jibu ni fupi kuliko jina langu kamili. Lakini kumtaja kungemaanisha kukiri kwamba Jumamosi nilidanganya, na mkuu angejua mimi ni mtu wa namna gani.

"Nitawaulizia wenye spika, mkuu," nikasema.

Sasa najua mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Nilipotoka kazini sikuja nyumbani. Nilikwenda Chang'ombe. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya gari la matangazo, anafuta vumbi kwenye spika ya juu ambayo alikuwa ameishusha magotini. Vumbi lilikuwa linarudi papo hapo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, na kabla sijafungua kinywa akaniuliza:

"Bosi alikasirika? Barua yako je?"

Siku mbili nzima alikuwa na hofu kwa ajili yangu.

Niliyaacha maneno niliyoyapanga njiani. Nikajikuta nampa jibu la mkuu, la chumvi na la babu aliyepofuka. Kitambaa kikasimama. Akacheka mpaka akakohoa, akajipiga paja. "Kwa kuyanawia! Mnyamwezi huyu si mchezo!" Alirudia kwa sauti yake ya filamu, kisha akashika tena kitambaa.

"Sasa anajua mimi ni nani wako?"

"Hapana."

"Hakuuliza?"

"Aliuliza."

Akaendelea kufuta. Alifuta sehemu ambayo tayari ilikuwa safi. Nikasema, "Nisamehe, baba mdogo," na sauti yangu ikatoka ndogo kama ya mtoto aliyechelewa kuingia bandani. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Ningependa niandike kwamba aliniambia, lakini hakusema.

Alisema hivi: "Kamwambie Mnyamwezi wangu, kama maji yalikuwa ya chumvi, mbona babu yake alirudi kuomba kibuyu cha pili?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia nani kasema?"

Nikaitazama spika magotini mwake.

"Maana jibu la mtani lina mwenyewe," akasema, akiinuka kuirudisha spika yake juu ya gari. "Usimpelekee la wenye spika. Hao hawana babu."

Nimekaa na ujumbe huo tangu nirudi. Nimejaribu kuuanza kwa njia nyingi, nione kama kuna namna ya kuufikisha bila kusema ninachopaswa kusema. Nimejaribu "kuna mtu anauliza". Nimejaribu "yule mzee anasema". Nikifika kwenye kibuyu naona haichekeshi, imekufa, kama filamu ile baada ya waya kutoka. Inakuwa hai ikianza kwa namna moja tu: "Mkuu, baba yangu mdogo anauliza."

Upepo umeanza kutulia. Asubuhi nitapanda zile ngazi na mzigo huu kichwani, mimi Mgogo, nampelekea Mnyamwezi.