Mkweo Apande Kwanza

Elia, mume wangu mdogo,

Marahaba. Huku Mkonze tu wazima. Tangu tufunge ndoa, babu yako mpya ananichumia zabibu kila asubuhi, nami nayeyuka. Usione wivu.

Unauliza kama hilo gari refu la kwenda juu, la petroli na umeme, la bei nafuu, litawafaa, maana mama mkwe wako anahamia kwenu. Enzi za ruksa, magari ya nje yalipoanza kuingia kwa wingi, nikiwa kijana, baba alinunua gari refu kama hilo. Tulipotaka kumpeleka bibi, mama wa mama yangu, hospitali, goti lilikataa kupanda, mama nami hatukumweza kumwinua, na mila haikumruhusu baba kumshika mkwewe.

"Gari zuri, baba," bibi alisema, "ila mlilipima kwa miguu yenu." Akaenda kwa mkokoteni wa punda.

Mambo ya umeme siyajui. Mkweo akipanda mwenyewe, nunua. Mimi usinihesabu, ninaye wa kuninyanyua.

Bibi yako