Baba na Maswali Yangu ya Hesabu

Jumatano jioni.

Sijui nicheke au nilie. Leo dukani nilikuwa nafanya mtihani wa majaribio, ule wa kuombea chuo Marekani. Baba akauacha mzigo wa redio uliotoka Dubai, akasema, "Hebu nitafsirie swali moja la hesabu." Kabla sijamaliza, keshajibu. Akataka la pili, mpaka yakaisha yote ishirini.

Baba aliishia darasa la saba. Kapata kumi na nane. Mimi, kidato cha sita, kumi na moja!

Mama akasema, "Basi aende baba yako, wewe ubaki na duka." Wateja wakaangua kicheko, kesho Kariakoo nzima itajua.

Mtihani wenyewe ni Jumamosi, na kweli naogopa. Nimemwomba Baba anifundishe. Amekubali, ila nimwite "mwalimu". Nimemwita. Ningefanyaje?